Jina la Pili kwenye Fomu ya Loishiye

Nimekaa dirishani pa Posta ya Arusha miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo sijamwona Mwafrika mwingine aliyelipia sanduku la barua kwa fedha yake mwenyewe isipokuwa Loishiye. Masanduku yalikuwa ya walowezi wa kahawa, ya maduka ya Wahindi, ya misheni na ya serikali. Sisi wengine barua zetu zilipitia kwa mwalimu, kwa mchungaji au kwa tajiri aliyekuajiri, na zilipokufikia zilikuwa zimekwisha kusomwa na watu watatu. Huyu alikuja siku moja mwaka 1952, kijana mrefu, masikio yametogwa kwa desturi ya kwao, suruali imepigwa pasi ikanyooka, akaweka shilingi zake juu ya ubao na kusema anataka sanduku. Nikamuuliza la nani. Akasema lake. Nikacheka, na yeye akangoja nimalize kucheka, kisha akaniuliza risiti iko wapi.

Mimi ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu. Nasema mapema ili msomaji asije akanipa sifa nisizostahili. Jina langu ni Ndesanjo, Mchagga wa Machame, na wakati ule nilikuwa sijaoa, nilikuwa na chumba changu nyuma ya soko, na nilijiona mtu mkubwa kwa sababu nilikuwa na mhuri wa serikali mkononi. Mtu aliyekuja dirishani bila kunichekea kidogo nilimweka kwenye foleni ya pili. Loishiye hakuchekea mtu, wala hakununa. Alikuja, akachukua chake, akaenda.

Kilichokuwa kinamjia ni bahasha za kaki kutoka London, moja kila baada ya wiki mbili. Alikuwa anasoma uhasibu kwa njia ya posta. Mchana aliandika vitabu vya duka la Rasikbhai, Mhindi muuza majembe, misumari na mabati, na jioni alirudi chumbani kwake mtaa wa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, akafanya mazoezi ya watu wa London. Alikuwa Mwarusha, mtoto wa kiume pekee wa mama mjane wa kijiji cha Terrat. Misheni ilimpeleka shule akafika darasa la kumi na mbili, na wenzake wa kufika huko walikuwa wakikaa kwa bwana shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, wakivaa tai. Nilipomuuliza kwa nini yeye yuko kwenye vumbi la misumari, alisema kwa bwana shauri ataandika barua tu, bali kwa Rasikbhai anaziona hesabu zikitembea.

Mwalimu wake hakumwona hata siku moja. Alimjua kwa herufi mbili za wino mwekundu mwishoni mwa kila zoezi, R.W. Mara moja tu katika miaka saba R.W. aliandika kitu zaidi ya alama. Aliandika "Vizuri". Loishiye aliniletea ukurasa ule dirishani niuone, akaushika kwa ncha za vidole, na watu waliokuwa nyuma yake walianza kunung'unika. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

Kweli hakuwa naye. Kwa Rasikbhai alikuwa karani mwaminifu, na karani mwaminifu haalikwi mezani. Kwa makarani wa boma la serikali alikuwa mtu wa duka. Kwa watu wa rika lake, waliotahiriwa naye mwaka mmoja, alikuwa ndugu aliyepotea. Mwaka 1956 rika lao lilifanya sherehe kubwa ya maziwa. Desturi yao ni kwamba morani hanywi maziwa peke yake. Ana njaa, ana kiu, kibuyu kimejaa, atangoja mpaka apatikane wa rika lake wanywe wote. Sherehe ile ndiyo inayowafungua, kuanzia hapo kila mtu anaweza kunywa kwake, kwenye moto wake. Sasa sherehe iliangukia wiki ileile ya mtihani wa London, uliofanyiwa Nairobi. Loishiye akaenda Nairobi. Akafaulu mtihani, akarudi, akakuta wenzake wote wamefunguliwa na yeye amebaki amefungwa peke yake.

Mwingine angesema hayo ni mambo ya zamani, akanunua maziwa sokoni akanywa. Loishiye hakuwa mtu wa namna hiyo. Kitu kama hakijafungwa vizuri kitabuni, kwake kilikuwa bado wazi. Akawa anakunywa chai ya rangi, dukani chai ya rangi, nyumbani chai ya rangi, na kila Jumamosi dada yake Naeku alipokuja sokoni kutoka Terrat na kibuyu cha maziwa ya mama, alikipokea, akashukuru, akakaa nacho.

Ndipo siku moja akaniuliza swali dirishani ambalo nililiona la ajabu. Aliniuliza nilitahiriwa mwaka gani. Nikamwambia hii ni Posta, si hospitali. Akarudia. Nikamjibu, 1946, ili aondoke. Akasema, "Mwaka wangu." Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikasikia hodi. Alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu, akaniuliza kama nina vikombe viwili.

Alikuja Jumapili zote baada ya hapo, karibu miaka minne. Alimimina vikombe viwili sawasawa, akaniangalia mpaka nilipopiga funda la kwanza, kisha akanywa. Maziwa yale yalikuwa yamegandia kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mti wa porini, yakanuka moshi, na mimi sikuyapenda hata kidogo. Nilikunja uso nikanywa. Nilijua ile habari ya kutokunywa peke yake, nikadhani basi yeyote mwenye mdomo alitosha, na mdomo wangu ulikuwa karibu. Hatukuongea sana. Mimi niliongea, yeye alisikiliza, na akikaa hivyo mguu juu ya mguu na kikombe gotini alionekana mtu aliyepumzika.

Mwaka 1959 London wakamletea shahada yake, kipande cha karatasi baada ya miaka saba. Nilidhani sasa amefika. Akaniambia anataka kuomba udaktari wa uhasibu. Nikamuuliza hesabu zinaumwa nini hata zihitaji daktari. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo na watu tisa kabla yangu, kwamba hicho ni cheo cha mwisho cha masomo, na kwamba huko Amerika viko vyuo vinavyokitoa kwa elimu ya hesabu. Terrat walielewa vyao. Jirani mmoja wa mama yake alimletea mbuzi anayehara.

Chuo alichoandikia kilimtumia fomu Januari 1960. Sehemu kubwa aliijaza kwa wiki moja. Walitaka aeleze angependa kuchunguza nini, na hayo alinisomea Jumapili, akinifasiria. Aliandika juu ya mama yake. Alisema mama hajui kusoma, na kwao ni mwiko kuhesabu mifugo kwa kidole, lakini jioni mbuzi wakiingia boma huwatazama tu na kusema yule mwenye doa jicho la kushoto hayumo, na kweli hayumo. Tena anajua kila ng'ombe aliyetolewa zawadi tangu ujana wa babu, kwa nani na kwa nini. Loishiye aliandika kwamba hivyo navyo ni vitabu, ila havijaandikwa, na hakuna mhasibu aliyewahi kukaa chini kuvisoma. Nilijisikia kujivunia mtu ambaye mama yangu hakumzaa, nikaona aibu, nikamwambia maziwa yanapoa, ingawa yalikuwa baridi tangu asubuhi.

Ilibaki sehemu moja. Chuo kiliandika kwamba kwa kuwa mwombaji hakusoma darasani, watapokea barua za watu wawili waaminifu wanaomfahamu vizuri, wasio jamaa zake. Bila barua mbili fomu haitashughulikiwa. Barua ya kwanza ilikuwa rahisi. Rasikbhai alilalamika siku tatu, akauliza nani sasa ataandika vitabu vyake, mwishowe akaandika kwamba kijana huyu kwa miaka tisa amefika kazini kabla ya mwenye duka. R.W. aliandikiwa, na jibu likaja kutoka ofisini kwao kwamba wasahihishaji hawaruhusiwi kuwatolea watahiniwa ushuhuda. Likabaki jina la pili.

Nikajua ni mimi. Ningekosaje kujua? Nani mwingine Arusha nzima alimfahamu Loishiye? Nilinunua karatasi nzuri kwenye duka la Gulzar na nibu mpya. Nilikopa kamusi kwa mwalimu wa misheni. Nikaandika barua kwa Kiingereza, nikaifuta, nikaandika tena, mpaka ikawa barua ya kumfanya mtu alie. Kisha nikangoja aniombe. Mimi nami nina nafsi, nilitaka niombwe. Jumapili ya kwanza akaja na maziwa, hakusema. Ya pili hakusema. Nikamchokoza, nikamwambia barua za ndege kwenda Amerika zinaondoka Jumatano, na kwamba mtu akitaka fomu ifike kabla ya tarehe moja Machi asipite Jumatano ya kumi na saba. Akasema anajua.

Jumatano ya kumi na saba akaja dirishani na bahasha kubwa. Nikaipima. Nikamtajia bei. Kisha nikashindwa kujizuia.

"Jina la pili umepata?"

"Hapana," akasema. "Hakuna."

Hakuna. Miaka minne nimekunywa moshi kwa ajili yake, na hakuna. Nilihisi uso unawaka. Niligonga mhuri juu ya stempu zake kwa nguvu mpaka wino ukaruka, nikaita anayefuata. Jumapili ile nilisikia hodi nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa kitandani, viatu miguuni, nikiangalia mlango. Alibisha mara tatu, akakaa nje kitambo. Nilikisikia kibuyu kikiwekwa chini na kuinuliwa. Kisha akaondoka. Jumapili iliyofuata alirudi na mimi nikanyamaza vilevile. Ya tatu hakuja.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea juu ya hodi zile sita na sijaweza.

Jibu lilifika Mei, bahasha nyembamba. Mtu wa Posta anajua bahasha nyembamba zina nini. Niliitia sandukuni mwake kwa mkono wangu mwenyewe na, Mungu anisamehe, nilijisemea ndani ya moyo kwamba sasa ataona. Akaja, akafungua palepale, akasoma akiwa amesimama, akakunja, akaniambia asante. Juni nikasikia ameacha kazi kwa Rasikbhai. Mama yake alikuwa mgonjwa na hakukuwa na mwanamume mwingine nyumbani, kwa hiyo alirudi Terrat na chumba cha Sakina akamwachia fundi wa baiskeli.

Julai akaja Naeku. Nilikuwa namjua kwa kumwona sokoni tu, mwanamke mwembamba mwenye shanga za kazi, si za sherehe. Akaniamkia, akaniambia kaka yake amemtuma arudishe ufunguo wa sanduku, kwa kuwa hana barua za kungojea. Ufunguo ulikuwa umetiwa ndani ya bahasha, na bahasha ilikuwa ileile ya Amerika. Alisema ndiyo pekee aliyoiona nyumbani. Nikapokea, nikaandika risiti. Hakuondoka. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, kosa ni la nani.

"Kosa gani, dada?"

"Kaka hanywi maziwa tena. Namkamulia, yanaganda, anampa mbwa. Nilimwambia nenda mjini kwa mwenzako. Akasema mwenzake amefunga mlango."

Alipoondoka nikatoa ufunguo, na chini yake kulikuwa na karatasi. Miaka minane kazini sikuwa nimesoma barua ya mtu. Hiyo niliisoma. Ulikuwa ukurasa wa fomu yake, wameurudisha, na sehemu ya jina la pili imezungushiwa wino mwekundu. Loishiye hakuwa ameiacha tupu. Kwa maandishi yake yaliyosimama wima, maandishi ya vitabu vya duka, alikuwa ameandika hivi: "Anayenifahamu kuliko wote ni N. Ndesanjo wa Posta ya Arusha. Ni ndugu yangu, kwa hiyo siwezi kumtaja." Na pembeni, kwa mkono mwingine, chuo kilikuwa kimeandika kwamba hakikuelewa, na kwamba anaweza kuomba tena mwaka ujao akiwa na shahidi asiye jamaa.

Nilifunga dirisha kabla ya saa. Watu waligonga ubao, nikawaacha wagonge.

Jumapili hiyo nikapanda baiskeli kwenda Terrat. Njia ni ya vumbi na miiba, na mlima Meru unabaki mgongoni, kila ukigeuka unauona vilevile. Nilipata pancha mara mbili. Nilikuwa nimebeba ile barua yangu ya zamani, ya karatasi nzuri, na fomu mpya niliyoikuta sandukuni mwake wiki hiyo, maana wale watu wa Amerika hawakuwa wabaya, walikuwa wamemtumia nyingine kwa mwaka unaofuata. Njiani nilifurahi. Nilidhani jambo limekuwa jepesi. Nitaomba radhi, atanisamehe, nitaeleza kwamba mimi ni Mchagga na yeye ni Mwarusha, hatuna hata babu mmoja, nitatia saini, ataenda.

Nilimkuta nyuma ya boma anatengeneza uzio. Alikuwa amekonda. Nikaomba radhi vizuri, bila kuchanganya na maneno mengine, jambo ambalo kwangu si rahisi. Akasema yamekwisha. Akanivutia kigoda kivulini mwa nyumba, na mama yake aliyekuwa amelazwa ndani akaitikia shikamoo yangu kwa sauti ndogo. Nikampa barua yangu. Aliisoma yote, polepole, akafika mahali nilipoeleza jinsi alivyoniletea ukurasa wenye neno "Vizuri", akakohoa. Akasema ni barua nzuri. Kisha nikampa ile fomu mpya, safari hii ikiwa na ukurasa uliochapwa wa shahidi, na akaigeuza mpaka mwisho, juu ya mstari wa saini.

Akanifasiria kama alivyozoea. Ilisema: mimi niliyetia saini hapa nathibitisha kwamba mwombaji huyu si ndugu yangu wala jamaa yangu kwa namna yoyote.

"Basi," nikasema, "ni maneno ya Wamarekani. Wao wanaulizia damu."

"Wameandika kwa namna yoyote."

Nikamwambia asinifanyie ukaidi wa duka la misumari. Nikamwambia yeye mwenyewe ameandika kwamba vitabu vya mama yake haviko kwenye karatasi na bado ni vya kweli, kwa hiyo undugu wetu nao ubaki huko kwa mama, na karatasi ichukue ya karatasi. Niliona nimemshika. Alichezea kipande cha ugwe.

"Mama hajawahi kutia saini kwamba mbuzi si wake," akasema.

Nikaitazama tena ile fomu.

"Ndesanjo, kazi yangu ndiyo hiyo. Kilichoandikwa na mtu mzima akatia saini, nakichukua kuwa ndivyo kilivyo. Nisipofanya hivyo mimi si mhasibu. Siwezi kwenda kusomea hayo nimebeba karatasi niliyoijua ni ya uongo. Ukitia saini, itakuwa kweli. Usipotia, sitakulaumu, tutakunywa maziwa hapa mpaka tuzeeke."

Hakusema kwa hasira wala kwa kunitisha. Alinieleza tu, na akaniachia. Nami nilimjua vya kutosha kuamini kwamba angefanya hivyohivyo, upande wowote ambao ningechagua. Niliangalia mikono yake. Ilikuwa imechanwachanwa na miiba, na kidole cha kati, pale kalamu inapokaa, bado kilikuwa na sugu ya wino. Uzio aliokuwa anaujenga ulikuwa umepinda. Ndani mama alikuwa anakohoa. Nikafikiri juu ya Jumapili za baadaye, yeye na mimi, vikombe viwili, na mtu huyu akitengeneza uzio uliopinda mpaka azeeke kwa sababu mimi nilipenda kukaa naye. Nilitaka sana kukaa naye. Sijapata kutaka kitu hivyo, na nilikuwa nimekifahamu siku nne tu.

Nikatoa kalamu. Niliweka fomu juu ya goti, nikatia saini, jina zima, na tarehe.

Alipokea ile karatasi, akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara tatu. Alisema asante, na nikaona kwamba ameshukuru kweli, macho yake yalikuwa yamejaa maji. Wakati huohuo Naeku akatoka nyumbani na kibuyu na vikombe viwili, anatabasamu, maana alikuwa ameniona nimefika na alijua mambo yamepona. Akaviweka kati yetu, akamimina, kimoja, kingine.

Loishiye akachukua kile cha pili, akamrudishia dada yake.

"Hiki rudisha," akasema. "Kile mpe mgeni."

Naeku alimtazama yeye, akanitazama mimi. Hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Nilikunywa peke yangu, wao wamesimama, mpaka chini. Yalikuwa yananuka moshi na nilitamani kikombe kisiishe.

Wakamkubali. Jibu lilifika Aprili 1961, bahasha nene, na nilimtuma mtu aipeleke Terrat kwa baiskeli badala ya kwenda mwenyewe. Mama yake alikuwa ameondoka duniani Februari, akazikwa bila mimi kujua, kwa kuwa wanaoitwa msibani kwanza ni jamaa. Chuo kilimpa kazi ya kusahihisha mazoezi ya wanafunzi ili ajilipie chakula, ikabaki nauli. Nilikuwa nimeweka akiba shilingi mia mbili ndani ya mfuko wa sukari, zikingoja. Watu wa rika lake wa Terrat wakakutana, wakamsamehe ile sherehe, wakauza mafahali, na mchango ukapita nyumba kwa nyumba ya kila mtu aliyetahiriwa mwaka ule. Ulipita mpaka Nduruma. Nilingoja wiki tatu. Dirishani kwangu haukupita.

Agosti akaja kuniaga, amevaa koti. Nilikuwa nimenunua maziwa kwa muuzaji wa mtaani, nimeyaweka mezani na vikombe viwili, ingawa nilijua. Aliyaona. Akaketi palepale alipozoea, mguu juu ya mguu, akaniuliza kama naweza kumpatia chai ya rangi. Nikawasha stovu nikachemsha maji, nami nikanywa chai ya rangi, tukazungumza habari za stempu za Amerika. Alisema atakuwa akiandika.

Ameandika, sikatai. Barua zake zinafika na mimi mwenyewe ndiye ninayezigonga mhuri wa kupokelewa. Zinaanza "Bwana Ndesanjo", zinaeleza baridi na masomo, na zimenyooka kabisa, hazina hata mstari mmoja usiokuwa wa kweli.